Duara la Pikipiki

Watu wengi wa Tanga walimjua Mwatumu Uweso kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kila asubuhi, watu wakiwa kwenye chai, sauti yake ilitoka redioni ikiwaambia wainuke, wajipange, waanze leo. Wapo waliomuiga kwa utani. Wapo waliomsikiliza kimya, vikombe mkononi, mpaka chai ikapoa.

Kazi hiyo hakuisomea. Alizaliwa Mwera, wilaya ya Pangani, akamaliza kidato cha nne, akarudi nyumbani kumsaidia mama yake, Bi Khairiya, kupika na kuuza vitumbua. Siku ya harusi ya binamu yake mshereheshaji aliugua ghafla, na wageni wameshakaa. Shangazi yake akamkabidhi kipaza sauti. "Si wewe ndiye mwenye mdomo? Haya, nenda." Mwatumu akaenda. Pilau haijapakuliwa, watu walikuwa wameshika mbavu kwa kucheka, na mjomba mmoja aliyenuniana na nduguye miaka na miaka alikuwa amekaa naye mkeka mmoja. Kuanzia hapo akaitwa harusi hii na ile, kisha mahafali ya shule, kisha semina za maofisini, kisha redio. Akahamia mjini. Akawa anasafiri mpaka Dodoma na Mwanza kwenda kuhamasisha watu, na kule Mwera hakupita mgeni ambaye Bi Khairiya hakumwambia, "Huyo unayemsikia ni wangu."

Kilichomgeuza ni swali la kijana mmoja.

Ulikuwa mkutano wa vijana, kwenye ukumbi mmoja huko Raskazone. Viti vilijaa, wengine wakasimama madirishani. Mwatumu alizungumza kama alivyozoea, akatembea huku na huku jukwaani, akawachekesha, akawanyamazisha. Akawaambia mtu anayetaka kufika mbali huamka saa kumi alfajiri wakati wenzake wamelala. Makofi yakapigwa. Akauliza kama kuna mwenye swali.

Kijana wa bodaboda akasimama. Alikuwa mwembamba, kizibao cha kazi bado kifuani, na alipofungua kinywa kila mtu akajua ametoka Pemba.

"Mie naitwa Kombo. Dada, umesema tuamke saa kumi. Mie saa kumi niko macho kila siku. Nikitoka nakamatwa. Naambiwa mwizi, natiwa ndani, pikipiki inabaki kituoni, tajiri wangu anampa mtu mwengine. Sasa nifanyeje, nirudi nikalale?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Kombo mwenyewe hakucheka, alikuwa anangoja jibu. Mwatumu akatafuta neno, na kwa mara ya kwanza tangu ile harusi ya Mwera, neno halikuja. Mwishowe akasema kitu kuhusu uvumilivu. Aliyasikia maneno yake mwenyewe na akayaonea haya. Kombo akajibu, "Ahsante, dada," kwa adabu, akakaa. Ile adabu ndiyo iliyomuuma Mwatumu kuliko kama angezomewa.

Kesho yake alimuulizia Kombo mpaka akaambiwa kijiwe anachoegesha. Dereva wa bajaji aliyempeleka alikuwa mwanamke wa makamo yake, Mastura, ambaye naye huegesha hapo hapo. Njiani alimtazama abiria wake kwenye kioo. "Wewe si yule wa redioni? Unawafuata nini wale? Wakikuona watafikiri umekuja kuwahubiria."

"Sikuja kusema kitu," Mwatumu akajibu. "Nimekuja kukaa."

Na kweli alikaa. Alikaa kwenye benchi la kijiwe siku ya kwanza, akarudi siku iliyofuata, na wiki iliyofuata. Mwanzoni vijana walimwogopa, wakidhani katumwa. Baadaye walimzoea, wakawa wanagombana mbele yake na kusimulia mambo yao bila kujibana. Akasikia jinsi msako unavyofanywa: gari la polisi linafunga breki, vijana wanatawanyika, atakayeteleza ndiye mwizi wa siku hiyo. Akasikia habari za kubambikiwa kesi. Kijana mmoja mpole, Asheri, aliyekuwa akiendesha pikipiki ya kaka yake, alikunja shati akamwonyesha mkono uliounga vibaya. Alikamatwa kwenye msako, akapigwa tanganyika jeki, akininginizwa kwa kiuno cha suruali mbele ya abiria wake, akapigwa rungu akiwa tayari ameshaingia garini. Kesho yake aliachiwa. Hakuna aliyemwambia kosa lake.

"Ulishtaki?" Mwatumu akamuuliza.

Asheri akamtazama kama aliyeulizwa kama amewahi kwenda mwezini. "Kwa nani, dada? Kwa polisi?"

Ndipo Mwatumu akaamua kwenda kituoni. Kilikuwa kituo kidogo, chumba na baraza, na mkaguzi wa kata alikuwa amehamishiwa hapo karibuni kutoka Sumbawanga. Aliitwa Inspekta Tadeo. Alimkaribisha Mwatumu kiti, akajua mara moja ni nani, maana naye husikiliza redio. Mwatumu alijiandaa kwa maneno makali. Hakuyahitaji. Alipomaliza kueleza alichokisikia, Tadeo alivua kofia akaiweka mezani.

"Dada Mwatumu, mimi nimekuja hapa sijafika hata mwaka. Nikipita mtaani nikisema habari za asubuhi, watu wanaangalia ukutani. Nimepanga chumba, jirani yangu hajanijibu salamu mpaka leo. Na mtu akiuawa barabarani kwa kuitiwa mwizi, nikifika nakuta watu wamejaa na hakuna aliyeona kitu. Nitafanyaje kazi hivyo? Hao vijana wananiogopa. Basi ujue na mimi nawaogopa."

"Utakuja kukaa nao?"

"Wakinitaka."

"Hawakutaki," Mwatumu akasema. "Lakini njoo. Sare vaa, wasije wakasema umejificha. Silaha usije nayo."

Kuwashawishi vijana kulimchukua muda kuliko hotuba yoyote aliyowahi kutoa. Kombo ndiye aliyewakatia shauri. "Aje," alisema. "Mie nataka nimuone polisi aliyekaa chini. Sijapata kumuona."

Tadeo alikuja Jumamosi asubuhi, kwa miguu. Vijana walikuwa wamekaa kwenye pikipiki zao, vioo vya kofia vimeshushwa, hakuna aliyemwitikia salamu isipokuwa Mastura. Akakaa benchini, akaanza kueleza kazi za polisi jamii, kama alivyofundishwa chuoni, na Mwatumu akaona vichwa vikigeukia barabarani kimoja baada ya kingine. Kabla hajafika mbali, Asheri alishuka kwenye pikipiki, akasogea mpaka mbele yake, akakunja shati.

"Na hii ni polisi jamii?"

Kwenye barabara bajaji zilipita, na hakuna aliyeita abiria. Mwatumu alitamani aseme kitu, kwa sababu kusema ndiyo kazi yake. Akajizuia.

Tadeo aliutazama ule mkono. Halafu akasimama. "Sikuuvunja mimi," alisema. "Lakini aliyeuvunja alivaa nguo kama hizi nilizovaa. Kwa hiyo naomba radhi. Na radhi haitoshi. Ukiwa tayari, nitakupeleka mwenyewe kwa mkuu wangu ukaseme, na mimi nitakaa pembeni yako."

"Halafu wanitie ndani tena."

"Wakikutia ndani, watutie wote wawili."

Asheri aliwasha pikipiki akaondoka, na wengi wakamfuata. Mwatumu alirudi nyumbani siku hiyo akiamini ameharibu. Lakini Jumatatu asubuhi Asheri alikuwa amesimama nje ya kituo, shati limepigwa pasi, Kombo pembeni yake.

Malalamiko yale hayakwenda haraka. Kila walipoitwa, Mwatumu alikwenda nao, na kila walipoitwa Tadeo alikaa pembeni ya Asheri kama alivyoahidi. Wapo askari wenzake walioacha kula naye meza moja. Mmoja alimwita msaliti mbele ya watu barazani. Tadeo hakuwahi kulitaja hilo kijiweni. Mastura ndiye aliyelisikia akishusha abiria, akaja kulisimulia. Mwishowe askari aliyempiga Asheri alichukuliwa hatua na kuondolewa kazini, na Asheri akaitwa ofisini kuambiwa kwa mdomo, na mkubwa mwenye nyota begani, kwamba alionewa. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi akalia. Kombo akamfunika kichwa kwa kizibao chake ili wapita njia wasimwone.

Baada ya hapo kijiwe kilibadilika. Ugomvi na polisi haukwisha kabisa, lakini sasa ulikuwa na mahali pa kupelekwa. Kila Jumamosi Tadeo alikuja, na vijana wakamuuliza wapendavyo. Walikubaliana kwamba pikipiki haichukuliwi bila mwenyewe kuelezwa kosa, na wao wakavaa vizibao vyenye namba ili abiria na polisi wamjue kila mmoja. Mwatumu naye alianza jambo lake. Alimtafutia kila kijana mtu mzima mmoja wa kumlea katika kazi aitakayo: fundi, mshona viatu, mwalimu mstaafu, mama mwenye mgahawa. Asheri alipelekwa kwa fundi pikipiki, na haikupita muda watu wakawa wanampita fundi wakimtafuta yeye. Wasichana wakamfuata Mastura wajifunze bajaji, mpaka akawa anawapangia zamu.

Mwatumu mwenyewe alipoteza mengi. Redioni alianza kuzungumzia vijana wanaopigwa kwenye misako, na wadhamini wa kipindi wakasema hawapendi siasa. Kipindi kikakatwa. Waandaaji wa semina wakaacha kumpigia. Bi Khairiya alimpigia simu akiwa na uchungu.

"Mwanangu, ulikuwa unavaa vizuri, unasikika nchi nzima. Sasa naambiwa unashinda na bodaboda na polisi. Watu wananiuliza una nini, nami sina la kuwajibu."

"Waambie niko kazini, mama."

"Kazi gani hiyo?"

Mwatumu alijaribu kueleza, na akaona kazi yenyewe haielezeki vizuri kwenye simu.

Kisha ikaja ile Ijumaa.

Watu walikuwa wametoka msikitini, barabara imejaa kanzu na baiskeli. Mwatumu hakuwepo, alikuwa Pangani kwa mazungumzo ya shule. Mbele ya duka la dawa, mtu mmoja mgeni alitoka na mfuko wa dawa mkononi, akapanda pikipiki nyekundu, akawasha, akaondoka. Hajafika mbali, sauti ikapasuka nyuma yake: "Mwizi! Mwizi wa pikipiki!"

Aliyepiga kelele alikuwa Haidar, muuza vitambaa, mwenye pikipiki ile. Watu wakamzuia yule mgeni, wakamwangusha, wakaanza. Mawe yakaokotwa. Mfuko wa dawa ukapasuka, vidonge vikatawanyika mavumbini. Mtu mmoja akavingirisha tairi kuukuu kutoka kwa fundi. Mwingine akaita petroli, na sauti nyingi zikaitikia.

Kombo alikuwa ng'ambo ya barabara. Akapiga honi ile ndefu ambayo vijana wa kijiwe huitumia wakiitana. Asheri alitoka kwa fundi mikono imejaa grisi. Wengine wakaja kutoka kila kona. Hakuna aliyewapanga. Waliingiza pikipiki zao katikati ya umati polepole, injini zikinguruma, mpaka wakamzunguka yule mgeni, wakaziegesha tairi kwa tairi kama ukuta wa duara, wao wakasimama ndani migongo ikimwelekea aliyeanguka na nyuso zikiwaelekea watu.

"Toka hapo!" watu wakapiga kelele. "Mnamlinda mwizi kwa sababu nyinyi ni wezi wenzake!"

"Yakhe, huyu hapigwi," Kombo akasema. "Polisi anakuja."

"Tangu lini nyinyi mkaita polisi?"

Jiwe likampata Asheri begani. Hakusogea. "Mimi nimepigwa bila kosa," alisema kwa sauti ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia kwake. "Hapa hapa mjini. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza. Huyu mimi nitamuuliza kwanza." Akageuka, akachuchumaa karibu na mgeni. "Kaka, jina lako nani?"

"Safari," mtu yule akasema kwa shida, mdomo umejaa damu. "Natoka Mkwaja. Mke wangu yuko hospitali, anajifungua. Pikipiki ni yangu, wallahi ni yangu."

Wakati huo Mastura alikuwa anaendesha bajaji yake kwa kasi kuelekea kituoni. Gari la polisi halikuwepo, lilikuwa limetoka. Tadeo hakungoja. Alipanda bajaji, na kabla watu hawajapata petroli waliyoitaka, Mastura alikuwa amefunga breki nje ya duara. Tadeo akapita kati ya watu, akapanda juu ya pikipiki moja ili aonekane. Hakutoa silaha. Alitaja watu majina, maana kufikia siku hiyo aliyajua: muuza samaki, kinyozi, mwalimu wa madrasa. Alimwambia kila mmoja kwa jina ashushe jiwe. Mtu anayeitwa kwa jina lake hupata tabu kurusha jiwe, na mawe yakaanza kushuka.

"Haidar," Tadeo akasema, "namba ya pikipiki yako?"

Haidar akaitaja. Kombo akainama kuangalia namba ya pikipiki aliyokuwa nayo Safari. "Ndiyo hii," alisema, na umati ukanguruma upya. Lakini Kombo hakuishia hapo, kwa kuwa Safari alikuwa ameapa kwamba pikipiki ni yake. Alikimbia mpaka mbele ya duka la dawa, na pale, nyuma ya gari la mchanga, palikuwa na pikipiki nyingine nyekundu ya aina ile ile, namba yake imefunikwa na vumbi la safari ndefu. Akaisukuma mpaka kwenye duara. Asheri akachukua ufunguo wa Safari, akauchomeka kwenye pikipiki ya pili. Ikawaka. Akauchomeka kwenye ya Haidar. Nayo ikawaka.

"Zimechakaa," Asheri akasema, akiwaonyesha watu tundu la ufunguo. "Zikichakaa hivi, ufunguo wowote unafungua. Mtu ana haraka ya mkewe, kakuta nyekundu, kapanda."

Haidar aliitazama pikipiki yake, akamtazama Safari aliyekuwa chini, akakaa barabarani na kanzu yake nyeupe. "Ningemuua," alisema. "Subhanallah. Ningemuua mtu."

Walimpakia Safari kwenye bajaji ya Mastura. Watu wale wale walioshika mawe walipiga magoti kuokota vidonge, wakavipangusa, kisha mwenye duka la dawa akaja na mfuko mpya. Kombo alitangulia mbele kufungua njia, Tadeo akakaa nyuma akimshika Safari asianguke. Safari alishonwa jeraha la kichwa katika hospitali ile ile aliyokuwa mkewe, na kabla ya magharibi akaletewa mtoto wa kike amshike, yeye akiwa na bendeji nyeupe kichwani.

Mwatumu alipata habari akiwa njiani kurudi. Alipofika kituoni alikuta vijana wote wamekaa barazani kwa polisi, wachafu, wamechoka, wakinywa maji waliyoletewa na askari yule aliyewahi kumwita Tadeo msaliti. Asheri alikuwa ameshikilia barafu begani. Wote walimtazama Mwatumu wakingoja aseme neno, kwa maana hajawahi kukosa neno la kuwapongeza.

Akawapa mkono, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Kombo machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke.

"Dada, vipi tena?" Kombo akauliza.

"Sikuwepo," Mwatumu akasema. "Hakuna aliyewaambia. Mmefanya wenyewe."

"Sasa tungekungoja wewe, na mtu anakufa?" Kombo akajibu, na baraza zima likacheka, polisi na vijana pamoja.

Habari zile zilifika Mwera kabla ya Mwatumu kupiga simu. Safari na mkewe, walioambiwa na vijana habari za Mwatumu, wakirejea Mkwaja na kichanga chao, walipita Mwera na kuulizia nyumba ya mama yake Mwatumu. Walikaa mkekani, wakamwekea mtoto mapajani, wakamsimulia. Wiki ile ile Bi Khairiya alifunga mzigo wa vitumbua na samaki wa kukaanga akaja mjini, na jambo la kwanza alilotaka ni kupelekwa kijiweni.

Ilikuwa Jumamosi, na Tadeo alikuwepo. Aliposikia ni mama yake Mwatumu alisimama wima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule polisi?"

"Ndiye mimi, mama."

Bi Khairiya akamkagua kuanzia kofia mpaka viatu. "Mbona umekonda? Huku huna wa kukupikia?" Akafungua mzigo, akampa Tadeo kwanza, kisha akazunguka akiwagawia vijana, akimuuliza kila mmoja jina lake na la mama yake. Alipomaliza alikuja kukaa benchini karibu na binti yake, akajifuta mikono kwa kanga.

"Nikiulizwa sasa nitajua la kujibu," alisema.

Saa hiyo hiyo wakaja watu wa kata nyingine, mwenyekiti wa mtaa na kina mama wawili. Kwao kulikuwa na shida ya vijana na polisi, na walimtaka Mwatumu aende akazungumze. Walitaja ukumbi, viti na kipaza sauti.

"Nitakuja siku nyingine kusikiliza," Mwatumu akawaambia. "Leo wachukueni hawa. Wao wanaijua kazi yenyewe."

Kombo alitaka kukataa, akasema yeye hajui kuhutubia. Mama yake Mwatumu akamwambia aache maringo, apande. Kombo akapanda bajaji ya Mastura, Asheri upande huu na Tadeo upande ule, wamebanana kiti cha nyuma, tayari wakibishana nani ataanza kusema. Mwatumu alisimama kando ya barabara na mama yake, akawatazama mpaka bajaji ilipokata kona. Alikuwa anatabasamu, kifua kimemjaa, na hakujaribu kuficha.